Nyufa katika madaraja makongwe ya reli: kuchomelea ni tiba au jeraha jipya?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwa madaraja ya reli yaliyojengwa kwa feleji, yaani chuma cha pua, methali hiyo ni kweli tupu. Lakini ina upande wa pili ambao wahandisi wamejifunza kwa gharama kubwa: ufa wa chuma ukizibwa vibaya, daraja huweza kuvunjika mapema kuliko kama ufa huo ungeachwa na kuangaliwa tu.

Suala hili si la nadharia. Mengi ya madaraja ya reli yanayotumika duniani hivi leo yalijengwa zamani za injini za mvuke. Daraja la Forth huko Scotland lilifunguliwa mwaka 1890. Daraja la Maporomoko ya Victoria, linalounganisha Zambia na Zimbabwe, lilifunguliwa mwaka 1905. Katika Afrika Mashariki, Reli ya Uganda iliyotoka Mombasa na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901 ilivuka mabonde ya Mau kwa madaraja 27 ya chuma yaliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company. Mwaka 1931 reli hiyo ilivuka Mto Nile pale Jinja kwa daraja la chuma na kufika Kampala.

Miundo ya namna hiyo inapoonyesha nyufa, wazo la kwanza la wengi ni kumwita fundi wa kuchomelea. Makala haya yanaeleza nyufa hizo hutokana na nini, kuchomelea hufanywaje inavyopasa, na kwa nini mara nyingine jawabu la busara ni kuuacha moto na kushika spana.

Chuma nacho huchoka

Chuma hakina misuli, lakini wahandisi hutumia neno uchovu kwa kuwa linaeleza vyema kinachotokea. Aliyewahi kukata waya bila koleo anaijua hali hiyo. Huukunja waya huku na huku, mara kumi, mara ishirini, na hatimaye waya hukatika, ingawa hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata peke yake.

Daraja la reli halikunjwi kiasi hicho. Hata hivyo, kila behewa linapopita, boriti iliyo chini ya reli hupinda kidogo mno, isionekane kwa macho, kisha hurudi mahali pake. Kwa mfano, njia inayopitisha treni 20 kwa siku, kila moja ikiwa na mabehewa 30, huipindisha boriti fupi mara 600 hivi kwa siku. Kwa mwaka mmoja ni mara 219,000, na kwa miaka 50 ni karibu mara milioni 11.

Ni reli iliyowafundisha binadamu jambo hili. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kurejea Paris ilipata ajali baada ya ekseli ya injini ya mbele kukatika. Moto ulizuka, na abiria waliokuwa wamefungiwa milango ya mabehewa hawakuweza kutoka. Watu wasiopungua 50 walikufa, miongoni mwao baharia na mvumbuzi mashuhuri wa Ufaransa, Jules Dumont d'Urville. Ekseli hiyo haikuwa imebebeshwa mzigo wa ajabu siku ile. Ilikuwa imechoka.

Mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1850 na 1860 kujaribu ekseli na vipande vya chuma kwa mizigo ya kurudiarudia. Matokeo aliyoyakamilisha mwaka 1870 yangali msingi wa taaluma hii. Alionyesha kuwa chuma huweza kukatika kwa mzigo ulio mdogo kuliko nguvu yake, iwapo mzigo huo utarudiwa mara nyingi vya kutosha, na kwamba kinachochosha zaidi ni tofauti kati ya mkazo wa juu kabisa na mkazo wa chini kabisa katika kila mzunguko.

Majaribio ya karne ya 20 yaliongeza kanuni inayotisha. Katika viungo vilivyochomelewa, tofauti hiyo ya mkazo ikipunguzwa kwa nusu, umri wa kiungo huongezeka karibu mara nane. Kinyume chake ni kikali vilevile: tofauti hiyo ikiongezeka kwa robo tu, umri hupungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo uamuzi wa kupitisha mabehewa mazito zaidi juu ya daraja kongwe, hata kama daraja linayabeba bila tatizo siku hiyo, ni uamuzi wa kutumia haraka siku zake zilizosalia.

Ufa huanzia wapi?

Ufa wa uchovu hauzuki popote tu. Hutafuta mahali ambapo mkazo umekusanyika: kwenye tundu la ribiti, kwenye kona iliyokatwa ili boriti moja ipachikwe kwenye nyingine, kwenye mwanzo au mwisho wa mshono wa kuchomelea, au mahali kutu ilipokula chuma na kuacha kishimo. Katika madaraja ya reli, boriti ndogo zinazobeba mataruma na viungo vyake na boriti za kukatiza ndizo huugua mara nyingi, kwa kuwa huhisi kila gurudumu linalopita.

Dalili ya kwanza huwa ndogo. Rangi hupasuka kwa mstari mwembamba kama unywele, na kutoka katika mstari huo hutiririka mchirizi wa kutu nyekundu, kwani pande mbili za ufa husuguana kila treni inapopita. Mkaguzi mzoefu huutafuta mchirizi huo kabla ya kuutafuta ufa wenyewe.

Udogo wa ufa haupasi kumfariji yeyote. Tarehe 15 Desemba 1967, Daraja la Silver lililovuka Mto Ohio nchini Marekani lilianguka likiwa limejaa magari, na watu 46 walipoteza maisha. Lilikuwa daraja la barabara, lakini funzo lake ni la kila daraja la chuma. Chanzo kilikuwa ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi, uliokuzwa na kutu na mkazo ndani ya kipande kimoja cha mnyororo wake. Kila kiungo cha mnyororo huo kilikuwa na vipande viwili tu, hivyo kimoja kilipokatika, mwenzake hakuweza kuubeba mzigo peke yake. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria iliyoagiza kuwekwe viwango vya kitaifa vya ukaguzi wa madaraja.

Ribiti na mshono

Ili kuelewa hatari ya kuchomelea daraja kongwe, ni lazima kwanza kuelewa jinsi lilivyoundwa. Madaraja ya kabla ya miaka ya 1930 karibu yote yaliunganishwa kwa ribiti. Daraja la Forth peke yake lina ribiti zipatazo milioni 6.5. Boriti ya namna hiyo si kipande kimoja, bali ni mabamba kadhaa yaliyolazwa pamoja na kubanwa. Bamba moja likipasuka, ufa hufika kwenye ukingo wa bamba hilo na kusimama, kwa sababu haukuti chuma cha kuendelea nacho. Mabamba mengine hubeba mzigo, na mkaguzi hupata muda wa kuliona tatizo.

Mshono wa kuchomelea huondoa kinga hiyo. Unayeyusha mabamba mawili yakawa kitu kimoja, na ufa ulioanza katika bamba la kwanza hupata njia ya kuingia katika la pili. Fundi anayebandika kiraka cha chuma juu ya boriti ya ribiti na kukichomelea pande zote hudhani ameongeza nguvu. Kwa hakika huenda amejenga daraja dogo la kuuvusha ufa.

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Miundo mingi ya karne ya 19 ilitengenezwa kwa chuma cha kufua, ambacho ndani yake kuna nyuzi za takataka za tanuri zilizolala tabaka juu ya tabaka kama chapati. Chuma hicho kikivutwa kwa urefu wake kina nguvu nzuri, lakini mshono unaokivuta kwa unene wake huweza kuyabandua matabaka hayo. Feleji ya zamani nayo, hasa iliyotoka katika matanuri ya awali ya kupuliza hewa, huweza kuwa na salfa, fosforasi na naitrojeni nyingi. Chuma cha namna hiyo huweza kupasuka kando ya mshono unapopoa.

Jambo la tatu halionekani kabisa. Mshono unapopoa husinyaa, lakini chuma baridi kilichouzunguka hakiuruhusu kusinyaa utakavyo. Hivyo hubaki na mvuto mkubwa ndani yake, unaoweza kukaribia kiwango cha chuma kunyumbuka moja kwa moja, hata pale ambapo hakuna treni juu ya daraja. Mvuto huo hukaa ukiuvuta kila ufa mdogo uufungue.

Hatua za kazi iliyo sahihi

Pamoja na yote hayo, kuchomelea kunaweza kuwa tiba ya kweli, mradi kazi ifuate utaratibu wake bila kuruka hatua.

Kwanza, mwisho wa ufa lazima ujulikane. Ufa huenda mbali kuliko macho yanavyouona. Rangi na kutu huondolewa, kisha hutumiwa maji ya rangi yanayopenya ndani ya ufa, au unga wa chuma unaojipanga juu ya ufa pindi sumaku inapowekwa. Kwa nyufa zilizojificha ndani hutumiwa mawimbi ya sauti isiyosikika na sikio la binadamu.

Pili, ufa husimamishwa. Njia ya zamani na ya kuaminika ni kutoboa tundu la duara mwishoni mwa ufa kwa keekee. Ncha kali ya ufa hugeuzwa kuwa duara, na mkazo uliokuwa umekusanyika kwenye nukta moja hutawanyika. Ni tiba ya muda, lakini huwapa wahandisi nafasi ya kupanga. Onyo moja hurudiwa katika taaluma hii: tundu hilo halipaswi kuzibwa kwa kulijaza chuma cha kuchomelea, kwani kizibo cha namna hiyo huwa chanzo cha ufa mpya ulio mbaya kuliko wa awali.

Tatu, chuma hupimwa. Kipande kidogo hukatwa mahali pasipo na mkazo na kupelekwa maabara. Bila kujua kiasi cha kaboni, salfa na fosforasi, hakuna awezaye kuchagua fimbo za kuchomelea wala kiwango cha joto kinachofaa.

Nne, mzigo huondolewa. Treni husimamishwa, na panapohitajika boriti huinuliwa kwa jeki. Mshono unaoganda huku treni zikipita hufunguliwa na kufungwa kabla haujapata nguvu, na huweza kupasuka siku hiyohiyo.

Tano, ufa huchimbwa wote. Hapa ndipo mafundi wa haraka hukosea. Kupitisha chuma kilichoyeyuka juu ya ufa ni kuufunika tu, na ufa huendelea na safari yake chini ya mshono unaong'aa. Kazi sahihi ni kuchimba mfereji wenye umbo la V hadi ufa utoweke kabisa, kupima tena kuhakikisha haupo, ndipo kujaza kutoka chini hadi juu, na inapowezekana kutoka pande zote mbili.

Sita, chuma hupashwa joto kabla ya kuchomelewa, na fimbo hutunzwa kavu. Fimbo zilizokaa katika hewa yenye unyevu hunyonya maji, na maji hayo hutoa hidrojeni inayoingia katika chuma kilichoyeyuka. Hidrojeni hiyo huweza kukipasua chuma saa kadhaa, hata siku kadhaa, baada ya mchomeleaji kufungasha vifaa vyake na kwenda nyumbani. Ndiyo maana fimbo hukaushwa katika tanuri na kutolewa chache chache. Katika hewa ya pwani, kama ya Mombasa au Dar es Salaam, sharti hili lina uzito wa pekee. Na ndiyo maana ukaguzi wa mwisho wa chuma kinene mara nyingi hungojewa saa 48.

Saba, mshono husagwa hadi ulingane na chuma kilichouzunguka, na michirizi ya kusagia hufuata upande ambao mkazo unapita, isiukatize. Kingo za mshono huweza pia kugongwagongwa kwa chombo maalumu ili mvuto uliobaki juu yake ugeuke kuwa mbano, hali inayouzuia ufa usifunguke.

Ufa unaporudi

Hata kazi iliyofanywa kwa uangalifu wote huu huweza kushindwa ikiwa chanzo cha ufa kimeachwa palepale. Mfano unaosomwa sana ni wa daraja la barabara la Yellow Mill Pond, katika mji wa Bridgeport, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1958. Chini ya boriti zake palichomelewa mabamba ya ziada ya kuongeza nguvu. Mwaka 1970 iligunduliwa kwamba boriti moja ilikuwa imepasuka pale bamba lilipoishia, na ufa ulikuwa umekata ukingo wote wa chini na kupanda ndani ya ubavu. Bamba lililowekwa kuisaidia boriti ndilo lililoijeruhi.

John W. Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, walikuwa wamezijaribu mamia ya boriti na kufikia hitimisho ambalo limebadilisha kanuni za ujenzi katika nchi nyingi: katika viungo vilivyochomelewa, umbo la kiungo na tofauti ya mkazo ndivyo huamua umri, si ubora wa chuma. Feleji ghali haiokoi kiungo chenye umbo baya. Mwaka 1976, boriti nyingine za daraja hilo zilizokuwa na nyufa changa zilitibiwa kwa kugongwagongwa na kwa kuyeyushwa upya kingo za mishono yake.

Katika reli, chanzo mara nyingi ni mtikisiko wa pembeni. Boriti kuu mbili huunganishwa kwa vyuma vya kukatiza. Treni ikipita, boriti hazipindi sawasawa, na vyuma hivyo huusukuma ubavu wa boriti ndani na nje katika pengo la sentimita chache tu lililoachwa kati ya kiungo na ukingo. Ufa huzuka katika pengo hilo. Kuuchomelea bila kubadilisha chochote ni kulirudisha daraja katika hali ileile iliyouzaa, na kwa kawaida ufa hurudi mahali palepale. Tiba ni kukifunga kiungo hicho imara na ukingo ili pengo lisiteseke, au kinyume chake, kulipanua pengo ili mtikisiko usambae.

Japan imelifahamu hili kwa njia yake. Reli ya mwendo kasi ya Tokaido, iliyofunguliwa mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka, ilijengwa ikiwa na madaraja mengi ya chuma yaliyochomelewa. Badala ya kukimbizana na ufa mmoja mmoja, kampuni inayoiendesha ilianza mwaka 2013 mpango mkubwa wa kuviimarisha viungo vinavyojulikana kuwa dhaifu kabla havijapasuka.

Wakati wa kushika spana

Pale ambapo chuma hakijulikani, ufa haufikiki pande zote mbili, au treni haziwezi kusimamishwa, wahandisi wengi huchagua mabamba yanayokazwa kwa boliti zenye nguvu kubwa. Boliti haiyeyushi chuma, haiachi mvuto wa kupoa, na huipa boriti ya ribiti msaada bila kuiondolea kinga yake ya asili. Ubaya wake ni uzito ulioongezeka na matundu mapya, lakini ubaya huo hupigiwa hesabu kwa urahisi zaidi.

Njia hiyo ndiyo iliyotumika mwezi Mei 2021, ufa ulipogunduliwa katika daraja la barabara kuu linalovuka Mto Mississippi mjini Memphis, Marekani. Boriti kuu ilikuwa karibu kukatika kabisa. Ufa ulianzia penye mshono uliochomelewa wakati daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1973, lilipokuwa likitengenezwa. Daraja lilifungwa kwa karibu miezi mitatu, likafungwa mabamba kwa boliti, kisha likafunguliwa tena mwezi Agosti. Ufa ulikuwa umeonekana katika picha zilizopigwa miaka kadhaa kabla, lakini hakuna aliyeuchukulia hatua.

Tukio hilo laonyesha kuwa katika matengenezo ya madaraja, fundi si wa kwanza bali ni wa mwisho katika msururu. Kabla yake yupo anayekagua, anayeandika, anayesoma kilichoandikwa, na mwenye mamlaka ya kupunguza mwendo wa treni au kuzisimamisha. Kwa shirika la reli lenye fedha chache, amri ya kupunguza mwendo na uzito wa mabehewa ni tiba isiyohitaji hata fimbo moja ya kuchomelea, na kwa mujibu wa kanuni ya mara nane iliyotajwa hapo juu, ni miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi.

Wakaguzi wana desturi rahisi ambayo haijapitwa na wakati. Wakiona ufa, huchora mstari mahali unapoishia na kuandika tarehe pembeni yake. Mkaguzi anayefuata haulizi kama ufa upo. Huangalia kama umeuvuka mstari. Ikiwa umeuvuka, daraja limekwisha kutoa taarifa yake, na kilichobaki ni watu kuisikiliza kabla treni inayofuata haijafika.